Kidole Kisichosomeka

"Mfumo haumtambui bibi."

Kijana aliyekuwa akisajili laini alisema hivyo bila ubaya wowote, kama mtu anayekwambia mvua imeanza. Ilikuwa Januari 2020, Dodoma mjini, zimebaki siku chache kufika tarehe 20, siku ambayo laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zingeanza kuzimwa. Mwisho wa awali ulikuwa tarehe 31 Desemba 2019. Ukasogezwa mbele, na foleni nazo zikasogea pamoja nao. Nilikuwa nimemtoa bibi yangu Mvumi kwa basi la alfajiri, namba yake ya kitambulisho cha taifa kaifunga kwenye pindo la khanga. Namba ilikuwepo. Jina lilikuwepo. Bibi mwenyewe alikuwepo. Kilichokosekana ni kidole.

Yaani kidole kipo, ila hakisomeki. Miaka sitini na zaidi ya kushika jembe, kupura uwele, kubangua karanga na kusugua sufuria kwa majivu imeifuta ile mistari ambayo mashine huitafuta. Kijana akamwomba afute mkono kwenye khanga, aweke tena. Ikagoma. Cha kushoto. Ikagoma. Nyuma yetu watu wakaanza kuguna. Bibi akanigeukia, akaniuliza kwa Kigogo, taratibu, kama mtu anayeuliza habari za jamaa wa mbali:

"Huyo mfumo amenisahau, au hakuwahi kunijua?"

Nilicheka. Nilipomtafsiria kijana, naye akacheka. Tukaondoka kwenye foleni, nikafanya kile ambacho wengi walifanya mwaka ule: laini ya bibi nikaisajili kwa jina langu na kidole changu. Dakika tatu, kazi imekwisha. Lakini lile swali sikulimaliza. Nimekuwa nalo mpaka leo, na kila nikiligeuza naona bibi aliuliza jambo ambalo sisi tulioshiba shule huwa tunalipita.

Tuanze na neno lenyewe. Kiswahili kina kitenzi *tambua*, na kitenzi hicho hakianzi patupu. Huwezi kumtambua usiyewahi kumjua au kusikia habari zake. Unamwona mtu stendi, sura inakusumbua kidogo, halafu ghafla, "Ah, si wewe mtoto wa mwalimu fulani!" Hapo umemtambua. Kuna kujua kulikokuwa kumelala ndani yako, na sasa kumeamka. Ndiyo maana swali la bibi lilikuwa na pande mbili tu: amenisahau, au hakunijua. Kwake hapakuwa na njia ya tatu. Mashine ndiyo hiyo njia ya tatu. Haijui na haisahau, inalinganisha tu. Tumelichukua neno la watu tukaipa mashine, kisha tukashangaa mwanamke wa Mvumi anapoliuliza neno hilo limekwenda wapi.

Kutoka *tambua* tunapata *tambulisha*, kumfanya mtu atambuliwe. Kanisani, baada ya matangazo, wageni huombwa wasimame wajitambulishe. Wazee wa kwetu wana namna bora zaidi: mgeni hajitambulishi, anatambulishwa. Mwenyeji wake husimama naye na kusema huyu ni fulani, ametoka mahali fulani, amefikia kwangu. Hapo mwenyeji ameweka jina lake rehani. Mgeni akiharibu, ameharibu kwa jina la mwenyeji. Na *kitambulisho*, ukilitazama neno bila haraka, ni kifaa cha kufanya kazi ileile ya mwenyeji: kukutambulisha mahali ambapo huna mtu wa kusimama nawe. Ni kadi inayosimama badala ya jirani. Mimi sioni ubaya katika wazo hilo. Ni wazo zuri kwa nchi ya watu wanaosafiri.

Kwetu Ugogo mtu alitambuliwa kwa mambo mengi kabla ya kadi. Ukikutana na mzee njiani unasema *mbukwa*, wakiwa wengi *mbukwenyi*, na salamu haiishii hapo. Unaulizwa umetoka wapi, kwenu ni kwa nani, huko mvua imenyesha? Kabla hujafika kwenye shida yako, tayari umewekwa mahali pako, umeshafungwa kamba na watu wawili watatu ambao wote mnawafahamu. Baadhi ya wazee wa rika la bibi wana alama ya duara katikati ya paji la uso, wengine masikio yaliyotobolewa yakavutwa. Ng'ombe nao walichanjwa masikio, kila boma na mkato wake, ili wakichanganyika malishoni kila mtu ajue wake.

Hapo kwenye ng'ombe pananipa shida kidogo. Tanzania ina Sheria ya Usajili na Utambuzi wa Watu ya mwaka 1986, ambayo ndani yake ndimo tulimopatia vitambulisho vya taifa, ingawa mamlaka ya kuvitoa ilianzishwa mwaka 2008. Ina pia Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ya mwaka 2010, iliyoleta mambo ya hereni za ng'ombe. Neno ni lilelile, *utambuzi*. Silisemi hili kwa dhihaka. Mfugaji aliyeibiwa anajua thamani ya alama. Ila kuna tofauti moja ambayo ni lazima tuishike: ng'ombe haulizi kama umemsahau. Alama inamtosha kwa sababu hakuna anachodai kutoka kwako zaidi ya kurudishwa zizini kwao. Mtu anadai zaidi. Mtu akikuambia "nitambue" hakuombi umtenganishe na wengine tu. Anaomba ukubali kwamba yupo, na kwamba kuwepo kwake kunakuhusu.

Namba ya bibi ina tarakimu 20, kama ya Mtanzania yeyote. Nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Sasa bibi hajui siku aliyozaliwa. Anachojua ni kwamba alizaliwa mwaka wa njaa. Siyo ile Mtunya ya miaka ya 1917 hadi 1920, hiyo aliisikia kwa mama yake. Njaa nyingine, ndogo, isiyoingia vitabuni. Siku ya kujiandikisha, karani aliyehitaji kujaza fomu alimuuliza maswali mawili matatu, akapiga hesabu, akaandika tarehe 1 Julai. Kwa hiyo namba inayomtambulisha bibi mbele ya taifa inaanza kwa tarakimu ambazo karani mmoja alizikadiria mchana mmoja wa joto. Karani hakukosea. Fomu haina sehemu ya kuandika "mwaka wa njaa". Lakini ona jinsi ilivyo: kitu pekee ambacho bibi alikuwa na hakika nacho kuhusu kuzaliwa kwake ndicho kilichoachwa nje.

Najua baadhi yenu mnaosoma hapa mmeshaanza kuona ninakokwenda, na mnasema: haya, dada huyu anataka turudi kijijini, tusalimiane nusu saa, kadi zitupwe. Hapana. Nimekulia kijijini, na ninajua kule kutambuliwa kunaweza kuwa jela. Ukiwa mtoto wa mama aliyekimbia ndoa, salamu ya "kwenu ni kwa nani?" ni kisu. Ukiwa mjane uliyeletwa kutoka mbali, siku mume anapofariki unaweza kugundua kwamba miaka ishirini yote walikuwa wanamtambua yeye, siyo wewe. Hata jina letu Wagogo, kwa simulizi tuliyokua nayo, tulipewa na wapagazi wa Kinyamwezi waliokuwa wakipita na misafara, kutokana na magogo waliyoyakuta. Jina la wapita njia limekuwa jina letu. Wanaokufahamu wanaweza kukufahamu vibaya, na ukabaki hivyo.

Kuna pia ile barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa, ambayo bila hiyo mambo mengi mjini hayaendi. Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma, mitaa imejaa wageni. Mwenyekiti wa mtaa anaandika kwamba mtajwa hapo juu anamfahamu na ni mkazi wake, wakati amemwona kwa mara ya kwanza dakika tano zilizopita. Mahali fulani niliombwa hela ya wino. Nikaitoa, nikafahamika. Ukilinganisha na hilo, kadi ina heshima yake: haikuulizi unafahamiana na nani.

Na wapo watu ambao kadi kwao ilikuwa ukombozi. Wamakonde wa Kwale, pwani ya Kenya, wengi wao kizazi cha watu waliokwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa, waliishi miongo kadhaa bila uraia. Oktoba 2016 waliandamana kwa miguu kuelekea Nairobi kudai vitambulisho, na baadaye serikali ikawatambua kuwa kabila la 43 la Kenya. Majirani waliwafahamu miaka yote hiyo. Walikula nao, walizikana nao. Lakini kufahamiwa na jirani hakukumpa mtu akaunti ya benki wala kura, na hakukumzuia askari njiani.

Kenya hiyohiyo, kitambulisho mtaani bado kinaitwa kipande. Jina hilo lina historia chungu. Sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, iliwalazimisha wanaume Waafrika kuanzia umri wa miaka 16 kubeba karatasi yenye alama za vidole vyao na kumbukumbu za kazi zao, ikiwa ndani ya kijaluba cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Harry Thuku aliipinga, na mwaka 1922 akakamatwa. Sasa fikiria: karatasi yenye alama ya kidole ilimfunga babu, na karatasi yenye alama ya kidole ikamfungua Mmakonde wa Kwale. Kwa hiyo ubaya hauko kwenye karatasi, wala wema. Tuutafute kwingine.

Mimi nilianza kuuona kwenye matumizi mengine ya neno hili, yale tusiyopenda kuyataja. Tarehe 24 Juni 2002, treni ya abiria iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam ilishindwa kupanda mlima mkoani kwetu Dodoma, karibu na Igandu, ikarudi nyuma kwa kasi bila kuzuilika na kuigonga treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Nilikuwa mtoto, ila nakumbuka redio ikisema ndugu wafike kutambua miili. *Kutambua miili.* Jirani yetu mmoja alikwenda. Alirudi na mume wake kwenye sanduku, na kwa miaka mingi alisimulia jambo moja tu kuhusu siku ile: alimtambua kwa kiraka. Kiraka cha suruali, alichokishona yeye mwenyewe kwa uzi wa rangi isiyofanana kwa sababu ule unaofanana ulikuwa umekwisha. Wengine hawakutambuliwa na mtu, wakazikwa pamoja.

Aristotle, alipoandika kuhusu ushairi na tamthilia, alipanga aina za kutambuana katika hadithi. Aliyoiweka chini kabisa ni ile ya kutambua kwa alama: kovu, mkufu, kitu cha mwilini au cha kuvaa. Aliona ni njia ya mtunzi asiye na ubunifu. Bora kwake ni kutambua kunakozaliwa na matukio yenyewe. Mfano maarufu wa kovu ni wa Odysseus katika Odyssey ya Homer: amerudi nyumbani amejifanya ombaomba, yaya wake mzee Eurycleia anamwosha miguu, mkono unagusa kovu la pajani, na papo hapo anajua ni nani.

Nikiwa chuo niliandika kwenye mtihani kwamba Aristotle yuko sahihi. Leo ninambishia kidogo. Kovu lile halikumwambia kitu mtu mwingine yeyote mle ndani. Lilizungumza na mkono wa aliyemlea tu. Kiraka cha jirani yetu hakikuwa alama, kilikuwa jioni moja ya kushona kwa mwanga wa kibatari. Kwa hiyo swali si kama kuna alama au hakuna. Swali ni kama upande wa pili yupo mtu ambaye alama ile inamdai.

Hapa ndipo ninapotaka kusimama. Zamani, na hata leo tukiwa nyumbani, kushindwa kutambua ni aibu ya anayeshindwa. Ukikutana na shangazi sokoni ukampita, ni wewe utakayeomba radhi: "Shikamoo shangazi, nisamehe, sikukutambua." Hakuna shangazi duniani aliyewahi kuomba msamaha kwa kutokutambuliwa. Lakini dirishani mambo yamegeuka. Mfumo ukishindwa, mwenye aibu ni bibi. Ni yeye anayefuta mkono, ni yeye anayegunwa na foleni, ni yeye atakayepanda basi tena kesho. Deni limehamishwa kutoka kwa anayetambua likawekwa kwa anayetakiwa kutambuliwa, na tumelihamisha kimyakimya mpaka tunaona ni kawaida. Kipande cha shingoni kilikuwa hivyo: mzigo wote wa kuthibitisha ulikuwa kwa aliyekivaa. Nyaraka walizozidai Wamakonde zilikuwa kinyume chake: zilimfanya askari wa njiani awe na wajibu kwao. Kadi njema ni ile inayomwekea deni aliye upande wa pili wa dirisha.

Sisi wapenzi wa vitabu tunalifahamu deni hili kwa njia nyingine. Nilimsoma *Rosa Mistika* wa Kezilahabi nikiwa kidato cha tatu, kitabu cha mwaka 1971 ambacho kiliwahi kupigwa marufuku mashuleni. Rosa ni binti wa Ukerewe, kisiwani, mimi ni wa nchi kavu ambako hata mto ni wa msimu. Hakuna kadi ingetuunganisha. Lakini nilimtambua, na nilipofunga kitabu nilijisikia nina wajibu kwa wasichana wa bwenini kwetu ambao jana yake nilikuwa nikiwasema. Nikishindwa kumwelewa mhusika, silaumu vidole vyake. Narudi nyuma, nasoma tena.

Nami nina deni langu. Laini ya bibi iliendelea kuwa kwa jina langu. Niliona ni jambo dogo. Siku moja tukapata msiba kijijini, bibi akatuma rambirambi kwa simu, hela aliyoiuzia kuku wawili. Jioni mweka hazina akasoma daftari kwa sauti. Jina lililosomwa ni langu. Watu wakanipigia makofi, binti wa mjini anayekumbuka kwao. Bibi alikuwa amekaa mkekani na wanawake wenzake, hakusema kitu. Tulipokuwa tunarudi ndipo aliniambia, kwa ule utani wetu wa siku zote:

"Mke mwenzangu, umekula kuku wangu wawili."

Nilicheka tena, lakini safari hii kicheko hakikufika mbali. Nilikuwa nimefanya kile nilichokilaumu kwa mfumo. Kidole chake kilipokataa sikukidai mfumo kitu. Nilimfuta yeye, nikaweka changu, kwa sababu nilikuwa na haraka.

Wiki iliyofuata nikaomba ruhusa kazini, tukaenda naye tena, ofisi nyingine. Safari hii dirishani alikuwepo dada mmoja. Alimsalimia, "Shikamoo bibi," akapokea "marahaba", akajaribu kidole cha kwanza. Kikakataa. Hakusema mfumo haumtambui. Alisema, "Bibi nisamehe, hebu tujaribu vingine." Akatoka nje ya dirisha, akamletea bakuli la maji ya uvuguvugu, akamfuta kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, huku akimuuliza karanga mwaka huu zimekuwaje. Foleni iliguna, hakuigeukia. Vidole tisa vilikataa. Cha mwisho, kile kidogo cha mkono wa kushoto ambacho hakishiki jembe sana, kikasomeka.

Dada akashusha pumzi. Bibi akaniuliza limekuwaje, nikamwambia mashine imemtambua.

"Mashine?" akasema, akimwangalia yule dada aliyekuwa akikausha bakuli. Kisha akamuuliza, kama inavyopasa, kwao ni wapi.